Mayai Yenye Alama ya Mkaa

Sura ya Sita

Rungu la Koplo Abbasi lilishuka kwenye nyayo za Bushiri kwa mara ya ishirini na kitu, na safari hii Bushiri hakupiga kelele. Alikuwa amelazwa kifudifudi juu ya benchi la selo, miguu imefungwa kamba, uso umegeukia ukutani. Damu ilichuruzika kutoka visiginoni hadi sakafuni, na Abbasi alikuwa ametandika gunia chini ili asije akateleza. Abbasi hakuwa mtu wa hasira. Alipiga kwa utulivu, kama anayetwanga mahindi ya chakula cha mchana, huku akirudia swali lile lile.

"Chuma umekitupa wapi?"

"Basi, Abbasi," Inspekta Pantaleo alisema kutoka mlangoni.

"Afande, bado kidogo tu. Dole gumba ameshaweka. Amekubali kuua. Kilichobaki ni chuma."

"Nimesema basi."

Pantaleo aliingia, akachuchumaa karibu na benchi. Tusimfichie: Ijumaa iliyopita yeye naye alikuwa amemzaba Bushiri makofi mawili mbele ya umati, kwa sababu siku ile alikuwa na hakika. Saa kumi alasiri, mafundi magari wa mtaa wa Gerezani walikuwa wamesikia sauti ikilia "Mwuaji! Mwuaji!" kutoka maabara ya kupima chanjo iliyo nyuma ya bohari. Mpiga kelele alikuwa mkuu wa maabara mwenyewe, Bwana Tarsis. Ndani walimkuta Bushiri, mvuta mkokoteni wa Kariakoo, amempakata Anselmi, mtaalamu wa maabara, kichwa kimefunguka na ubongo umelowesha shati la aliyempakata. Mafundi hawakuuliza mara mbili. Walimfanyia kazi kwa spana hadi polisi walipofika, na tangu siku ile jicho lake la kushoto halikufumbuka.

Leo ilikuwa Jumanne. Ijumaa Bushiri angepandishwa mahakamani na karatasi yenye dole gumba lake, na kila mtu alijua karatasi ile ilikuwa inampeleka wapi. Kitanzini.

"Bushiri," Inspekta alisema. "Mayai huwa unayapeleka maabara mwanzo wa wiki. Ijumaa si siku yako. Ulifuata nini?"

Bushiri alizidi kuugeukia ukuta.

"Umekubali kuua. Utanyongwa. Sasa unaficha nini tena?"

Jicho lililobaki liligeuka polepole, likavitazama vifungo vya sare ya Inspekta, kimoja baada ya kingine, kisha likarudi ukutani.

Nje, Abbasi alifuta rungu kwa kitambaa. "Mkaidi huyo. Afande ungeniachia mpaka magharibi."

"Mtu aliyekubali kitanzi hana la kuficha," Pantaleo alimjibu. "Huyu analo. Wewe umempiga siku nne, na hujamuuliza alilonalo. Twende maabara."

*

Doa la damu lilikuwa bado liko sakafuni, limekauka na kuwa jeusi. Pantaleo alilivuka, akafungua tena barua ya daktari aliyeipima maiti. Mapigo kumi na moja, saba kati ya hayo baada ya marehemu kuanguka. Kila tundu la fuvu lilikuwa mviringo, upana wa shilingi, lenye mkato mdogo upande huu na upande ule. Chuma cha mkokoteni wa Bushiri walishakipima. Kilikuwa bapa.

Bwana Tarsis aliwapokea kwa heshima zote. Alikuwa mwanamume mnene wa miaka hamsini hivi, kola safi, viatu vinang'aa, na juu ya meza yake kulikuwa na kijitabu cha Azimio la Arusha kilichowekwa mahali ambapo mgeni hakosi kukiona.

"Marehemu alikuwa amemaliza kazi?" Pantaleo aliuliza.

"Alimaliza Ijumaa mchana, Ndugu Inspekta. Chanjo ya ndui, toleo namba arobaini na moja. Nzuri kabisa. Hii hapa saini yake." Akafungua daftari kwa kidole kinene.

"Chanjo yenyewe iko wapi?"

"Imetoka jana. Ndui ipo njiani, hatuwezi kukalia chanjo. Watoto wa Ilala na Gerezani wanachanjwa tangu asubuhi."

"Na ndoo ile?"

"Takataka. Mayai yaliyopasuliwa kwa kipimo. Huchomwa Jumamosi, ila ninyi mlifunga chumba."

"Niitie msaidizi wake."

Tarsis alicheka kidogo. "Klara? Huyo ni wa kuosha vyupa tu."

"Basi aje anioshee macho. Wewe tusubiri nje, tafadhali."

Klara alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na sita, mwembamba, macho mekundu ya mtu aliyelia na kujificha asionekane akilia. Alisimama mbali na doa la damu. Pantaleo alimvutia kiti mwenyewe.

"Mimi nimesoma hadi darasa la nane," alimwambia. "Nieleze kama unavyomweleza mtoto. Chanjo inapimwaje?"

"Chanjo ya ndui ni virusi, afande. Virusi vilivyo hai. Vikifa, chanjo ni maji tu. Sasa virusi vyenyewe hatuvioni, hata kwa darubini yetu. Kwa hiyo tunayauliza mayai."

"Mnayauliza vipi?"

"Tunachukua mayai ya siku kumi na mbili, kifaranga yumo ndani anakua. Chanjo tunaizimua mara kumi. Hiyo tunaizimua tena mara kumi, halafu tena mara kumi. Viwango vitatu. Kila kiwango tunakitia kwenye mayai manne, kwa tundu dogo tunaloziba kwa nta ya mshumaa. Siku ya tatu tunapasua, tunatandaza ile ngozi laini iliyo chini ya ganda. Kila kirusi kilichokuwa hai kimeacha doa jeupe. Tunahesabu madoa."

"Msipopasua?"

"Chanjo ikiwa na nguvu, kiwango cha kwanza vifaranga vinakufa vyote. Cha pili vinakufa baadhi. Cha tatu labda kimoja. Ukijua vimekufa vingapi na katika kiwango gani, unajua virusi vilikuwa kiasi gani."

"Kumbe mnahesabu maiti."

"Ndiyo, afande," Klara alisema bila kutabasamu. "Kama ninyi."

"Na chanjo iliyokufa?"

"Hakuna doa, na hakuna anayekufa. Kifaranga anaendelea kukua kama hakuguswa. Na mtoto aliyechanjwa anabaki na kovu la sindano tu. Ndui ikija inamkuta kama alivyozaliwa."

Pantaleo aliiburuta ndoo hadi katikati ya chumba, akaimwaga juu ya sinia. Harufu ya dawa ikawachoma pua. Klara alivaa glovu, akaanza kutenga maganda kwa kidole, midomo inahesabu. Nyuma ya mlango Bwana Tarsis alikohoa.

"Ishirini na manne," Klara alisema. "Kumi na mawili ya arobaini na moja, kumi na mawili ya chanjo ya kulinganisha, ile ambayo tunaijua nguvu yake. Idadi iko sawa na daftari."

Kisha akainama karibu zaidi. Akachukua ganda moja, akaligeuza. Akachukua la pili. Alichovya mikono yote miwili katika ule ute wa njano akapapasa chini ya sinia, na Pantaleo akauona uso wake unabadilika.

"Vifaranga viko wapi?" Klara alinong'ona. "Mayai ya siku kumi na tano yana kifaranga mwenye macho na mdomo. Humu kuna viini vitupu. Maganda hayana tundu hata moja, hayana nta. Na alama hamna."

"Alama gani?"

"Mayai yetu yanatoka kwa Bi Sabaha, sokoni, dada yake Bushiri. Kila yai lina alama ya mkaa uliokorogwa na utomvu wa fenesi. Haifutiki kwa sabuni wala kwa dawa hii. Mwaka mzima nachoma maganda, alama huwa zipo. Haya ni mayai makubwa meupe ya kizungu, afande. Ya jikoni. Mtu ameyavunja akayamwaga ili idadi itimie."

"Mtu anayejua kwamba wewe huwa unahesabu kabla ya kuchoma."

Klara alitazama mlango. Sauti yake ikashuka zaidi. "Kuna lingine. Wiki ile marehemu alitia mara mbili. Mayai arobaini na manane. Nikadhani amekosea, nikamwambia. Akanijibu, 'Klara, shahidi mmoja anaweza kuuawa.' Ijumaa saa sita akaniambia niende nyumbani mapema."

"Kwa nini alikuwa na wasiwasi na toleo hili?"

Hapo Klara alivua glovu. Pantaleo hakumharakisha. Alimwona anapima kazi yake, chumba chake cha kupanga, mama yake huko Kilema anayesubiri barua, kisha anamtazama tena Anselmi pale sakafuni, ingawa Anselmi hakuwepo tena.

"Kwenye chumba cha baridi kuna makreti ya bia," alisema. "Tangu Januari. Chanjo zilihamishiwa stoo, chini ya bati. Chanjo hii ya maji, joto la siku tatu linaiua. Imekaa kule wiki sita. Bwana Tarsis ana baa hapa Gerezani, imeandikwa jina la shemeji yake. Yeye ni kiongozi, haruhusiwi biashara. Marehemu akisema chanjo imefia wapi, lazima aseme bia inakaa wapi."

Pantaleo aliyarudisha maganda ndani ya ndoo, akalifunga sinia kwa gazeti. Mayai arobaini na manane, na hakuna hata moja la kweli ndani ya chumba hiki. Nusu yalipasuliwa, na mwuaji ameshayateketeza. Nusu nyingine yalitoka hapa yakiwa mazima, na yalibebwa na mtu mwenye mkokoteni. Alimwita mjumbe wa kituo mlangoni, akamwandikia barua fupi kwa mganga mkuu wa mji: simamisheni sindano za toleo arobaini na moja, leo hii, sababu zinakuja.

*

Chini ya mabanda ya soko la Kariakoo, yale ya zamani yenye nguzo za chuma, Bi Sabaha alikuwa ameketi nyuma ya vikapu vyake. Alichukua yai, akalikingia mwanga kwa kiganja, akaliweka kulia. Lingine, kushoto. Alimwona Inspekta tangu mbali na hakuinua kichwa.

"Habari za biashara, Bi Sabaha."

"Nauza mayai. Maneno siuzi."

Pantaleo aliokota yai moja. Lilikuwa na mistari miwili myeusi. "Hili la nani?"

"La mama Zuhura wa Mtaa wa Sikukuu. Duara ni la Bi Mwanahawa. Mkasi ni langu." Alilitwaa yai kutoka mkononi mwake. "Wanawake wananiletea niwauzie. Likitoka viza linamrudia mwenye kuku. Sitaki kulaumiwa kwa tumbo la kuku wa mtu."

"Ishirini na manne ya alama zenu hayapo maabara. Bushiri aliyachukua Ijumaa. Yako wapi?"

Mkono wa Sabaha ulisimama hewani. Wauza nyanya wa pembeni waligeuka.

"Mnamuua mdogo wangu kwa fimbo," alisema, na sauti yake ilianza chini ikawa inapanda, "mnamtia wino kidoleni kama mbuzi anayepigwa chapa, halafu mnakuja kuniuliza mayai? Nenda zako! Si wewe uliyempiga makofi mbele ya watu, naye amebeba maiti ya rafiki yake?"

"Ni mimi," Pantaleo alisema.

Jibu hilo Sabaha hakulitarajia. Aliliweka yai kapuni.

"Ni mimi, na nilikosea, na naona haya. Lakini haya zangu hazimtoi. Ijumaa anakwenda mahakamani. Nikiyapata mayai yale, hanyongwi. Nisipoyapata, nitakwenda kumshuhudia akinyongwa, maana ndiyo kazi yangu."

Sabaha aliinuka. Kisha alivua mtandio mmoja, akafunika vikapu, akamwambia muuza nyanya amwangalizie.

"Marehemu alimpa kapu Ijumaa saa tano," alisema wakiwa njiani. "Akamwambia, mpelekee dada ayaatamishe, kuku wawili, asiyachanganye. Usimwambie mtu yeyote wa serikali, hata akupige. Bushiri akaleta. Alasiri akarudi kumjulisha kwamba kuku wamekubali kuyakalia. Hilo tu ndilo alilolifuata."

Pantaleo alipunguza mwendo. "Hata akupige," alirudia.

"Ndivyo alivyoambiwa. Mdogo wangu ukimwambia kitu anakishika."

Uani mwa nyumba ya Mtaa wa Mchikichi, chini ya ukuta wa choo, kulikuwa na masanduku mawili ya chai. Katika la kwanza alilala kuku mweusi, katika la pili kuku mwekundu wa kishingo. Sabaha aliingiza mkono chini ya mweusi akatoa yai: mkasi wa mkaa, tundu lililozibwa kwa nta, na kwa kalamu ya risasi, mwandiko wa Anselmi, herufi K, ya chanjo ya kulinganisha, na namba moja. Chini ya mwekundu yalikuwa ya arobaini na moja.

"Yanatotoa lini?" Pantaleo aliuliza.

"Keshokutwa, Alhamisi. Yaliyo hai."

Mkuu wa kituo alipoelezwa alicheka mpaka akakohoa. "Pantaleo, mimi nina dole gumba la mtu, wewe unaniletea kuku? Niletee chuma. Chuma na mwenye chuma."

"Nitakuletea," Pantaleo alisema.

*

Jumatano asubuhi Pantaleo alipita maabara kurudisha daftari alilolichukua jana yake. Alilia joto, akalalamikia kazi, na akiwa amekwisha kushika kitasa cha mlango akasema, "Halafu tumepata mayai mengine, Bwana Tarsis. Yanaatamiwa uani kwa dada yake Bushiri, Mtaa wa Mchikichi. Kesho hakimu anakuja kuona yakitotoa. Mimi mambo yenu siyaelewi."

"Mayai gani?" Tarsis aliuliza.

"Hata mimi ndiyo nashangaa."

Saa nane mchana, wakati nyumba nzima imekwenda sokoni na jua limeuchoma ua mpaka hauna kivuli, mlango wa uchochoroni ulifunguka. Pantaleo, Abbasi na Klara walikuwa chumba cha mwisho, wanachungulia kwenye ufa. Bwana Tarsis aliingia akiwa ameshika kitu kirefu kilichoviringishwa gazeti. Alitazama kushoto na kulia. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye masanduku, akavua gazeti, akainua.

Ilikuwa hendeli ya kuwashia gari.

Pigo la kwanza lilimpata kuku mweusi mgongoni, likampasua yeye na mayai yaliyo chini yake pamoja. Manyoya na damu vikaruka hadi ukutani, na uvundo wa viza ukajaa ua. La pili, la tatu. Tarsis alikuwa anapiga huku anaguna, jasho linamtiririka kwenye kola safi, na Pantaleo akaona ndivyo alivyompiga Anselmi: kumi na moja, saba akiwa ameshaanguka.

"Sasa!" alisema, akasukuma mlango.

Lakini Sabaha aliwatangulia. Alikuwa ameambiwa akae sokoni, na kama mtu angemjua Sabaha asingemwambia. Alitokea jikoni bila kanga ya juu, akajitupa kifua juu ya sanduku la kuku mwekundu. Hendeli ilishashuka. Ilimkuta begani, na mfupa wa mtulinga ukalia kwa mlio ambao Klara aliusikia hadi chumbani. Sabaha hakuondoka juu ya sanduku.

Pantaleo alimrukia Tarsis kiunoni wakaanguka wote juu ya maganda na damu ya kuku. Mtu mnene yule alikuwa na nguvu za aliyekata tamaa. Alimpiga Inspekta kiwiko cha pua, akamkaba koo, akainua chuma kwa mkono mwingine. Abbasi alifika. Alimpima goti, kwa utulivu wake ule ule, akashusha rungu mara moja. Goti likaingia ndani. Akashusha tena kwenye kifundo cha mkono, na hendeli ikaanguka.

Kelele za Tarsis zilivuta mtaa. Wanawake wenye michi, wachukuzi, mshona viatu na nyundo yake, wote walimiminika uani. Wakaona kuku aliyepondwa, Sabaha anayevuja damu, na mtu mgeni sakafuni.

"Mwizi wa kuku!"

Mchi wa kwanza ulimvunja Tarsis meno ya mbele. Nyundo ilimpata sikioni. Mheshimiwa aliyefungia bia za baa nzima katika chumba cha chanjo alikuwa anauawa kwa ajili ya kuku mmoja, na Pantaleo, damu ya pua inamjaa mdomoni, ilibidi alale juu yake kumfunika kwa mwili wake. Alipigwa michi mitatu ya mgongo kabla Abbasi hajafyatua risasi moja juu.

"Huyu ni wangu!" Pantaleo alibweka. "Anatakiwa aseme! Akifa, Bushiri ananyongwa!"

Jina la Bushiri ndilo lililowarudisha nyuma. Pantaleo aliinuka kwa taabu, akaokota ile hendeli. Ncha yake ilikuwa chuma cha mviringo, na pini imepita katikati ikitokeza kidogo kila upande. Alitoa shilingi mfukoni, akaiweka juu ya ncha. Ililingana. Katika mfereji wa pini kulikuwa na kitu cheusi kilichokauka, na unywele mmoja mfupi wa mtu.

"Kwa nini kumi na moja?" alimwuliza Tarsis. "Moja lingetosha."

Tarsis alitema jino. "Alinicheka," alisema kwa shida. "Nilimwambia aandike chanjo ni nzuri, nitampandisha cheo. Akacheka, akasema, mzee, mayai hayapandishwi cheo."

Klara alikuwa amepiga magoti kando ya sanduku lililopondwa. Watu walidhani analia. Alikuwa anatenga vifaranga kwa vidole, anasoma kalamu ya risasi kwenye vipande vya maganda, na machozi yalimdondoka bila kumzuia kazi.

"K moja, vinne, vyote vilishakufa siku nyingi. K mbili, vitatu vilikufa, hiki kimoja kimeuawa na chuma sasa hivi, damu yake bado mbichi. K tatu, kimoja kilikufa, vitatu vimeuawa na chuma." Aliinua uso. "Ndivyo inavyotakiwa, afande. Chanjo nzuri inaua hivi. Alipima sawasawa."

*

Alhamisi asubuhi hakimu alifika akiwa amekunja suruali, akakalishwa kwenye kigoda uani. Sabaha alikuwa na mkono uliofungwa kifuani, amekataa kulazwa hospitali. Hadi saa nne kuku mwekundu hakujitikisa. Kisha likasikika la kwanza, sauti ndogo ya kucha ndani ya ganda, na pembeni ya mkasi wa mkaa ganda likapata ufa.

Klara alisoma kwa sauti, na hakimu aliandika. Arobaini na moja, kiwango cha kwanza, kile ambacho hakuna kifaranga aliyepaswa kupona: wanne, hai. Cha pili: wanne, hai. Cha tatu: watatu, hai, na moja viza la mama Zuhura ambalo lingekuwa viza popote. Chanjo iliyowekewa saini ya kughushi kuwa nzuri kabisa haikuwa na nguvu ya kuua kifaranga. Hakimu alifunga daftari, akaomba ile karatasi yenye dole gumba, akaichana mara mbili mbele yao.

Bushiri hakuweza kusimama. Nyayo zake zilikuwa nyama tupu, na mlango wa selo ulipofunguliwa alijikunyata akidhani wamekuja tena. Inspekta Pantaleo alimtazama Abbasi. Abbasi aliweka rungu lake juu ya meza, akageuka, akachuchumaa, akampa mgongo. Bushiri aliuangalia mgongo ule kwa muda kabla hajaufahamu. Kisha alimwekea mikono mabegani, na koplo akainuka naye, akamtoa nje kupitia kaunta, mbele ya askari wote.

Sabaha alikuwa kwenye ngazi za kituo na kikapu mkononi. Bushiri aligeuza uso, maana sasa alisikia kwa sikio moja tu na aliona kwa jicho moja. Alimwona Inspekta mwenye sare pembeni ya dada yake, akafunga mdomo.

"Sema tu, mdogo wangu," Sabaha alimwambia. "Huyu anajua."

Bushiri alilamba midomo iliyopasuka.

"Kuku walikubali?" aliuliza.

Sabaha alifunua kikapu. Vifaranga kumi na mmoja, wengine bado wamelowana, walianza kulia wote pamoja kwa mwanga wa jua, na Bushiri aliyebebwa mgongoni na mtu aliyempiga siku nne akaweka kipaji chake cha uso juu ya bega la koplo, naye akalia.